Wavandali walikosa nini hadi jina lao likawa tusi la waharibifu?

#1 Mchokonozi
Wakuu, salaam. Naleta hoja, ichaneni.

Anayevunja vioo vya kituo cha basi, anayechora matusi ukutani, anayeng'oa vibao vya barabarani, wote huitwa vandali. Sasa hilo lilikuwa jina la watu. Wavandali walikuwa kabila la Wajerumani wa kale. Mwishoni mwa mwaka 406 walivuka mto Rhine pamoja na Waalani na Wasuebi, wakapita Galia (Ufaransa ya leo), mwaka 409 wakaingia Hispania, na mwaka 429 wakavuka bahari hadi Afrika Kaskazini wakiongozwa na mfalme wao Geiseric. Mwaka 439 waliiteka Carthage, jirani na Tunis ya leo, wakatawala karibu miaka 100. Katikati ya hayo, mwaka 455, waliingia Roma wakapora siku 14.

Lakini Roma haikuporwa na wao peke yao. Wavisigothi wa Alaric walikuwa wameshaipora mwaka 410, na sijasikia mvunja vioo akiitwa mgothi. Warumi wenyewe waliifuta Carthage ya kwanza mwaka 146 KK na ardhi wakaimwagia chumvi isiote kitu. Kwa nini lawama iwagande Wavandali tu? Mimi nasema wameonewa. Anayepinga aje na hoja, kelele aache nyumbani.

#2 Nimekaa_Pembeni
Nipo. Wajuzi waje.

#3 BintiPangani
Mchokonozi, tafuta jibu kanisani. Wavandali walikuwa Wakristo, ila wafuasi wa mafundisho ya Ario, waliokataa kwamba Mwana ni sawa na Baba. Afrika ya Kirumi waliyoikuta ilikuwa na Wakatoliki wengi na maaskofu wenye nguvu. Geiseric akawanyang'anya makanisa na mashamba. Mwanawe Huneric akazidisha: mwaka 484 alitoa amri ya kuwabana Wakatoliki kwa zile zile sheria ambazo makaisari walikuwa wamewatungia wazushi. Maaskofu wakafukuzwa makwao.

Na habari hizo kaziandika nani? Victor wa Vita, kasisi wa upande ulioumia. Augustino naye alifia Hippo mwaka 430, mji ukiwa umezingirwa na Wavandali hao hao. Hakuna historia iliyoandikwa na Mvandali iliyotufikia. Kesi imesikilizwa upande mmoja miaka 1,500.

#4 Ngwamba_78
Kwanza hiyo chumvi, Mchokonozi, itoe. Waandishi wa kale waliosimulia anguko la Carthage hawaitaji. Ni nyongeza ya watu wa karibuni, imerudiwa mpaka ikaingia vitabu vya shule.

Pili, dada BintiPangani, kusema kesi ni ya upande mmoja hakumfanyi mshtakiwa awe msafi. Siku 14 ni nyingi. Procopius anaeleza kwamba waling'oa hata nusu ya paa la hekalu la Jupita pale Kapitolini, kwa kuwa lilikuwa la shaba iliyopakwa dhahabu. Wakachukua vyombo vya hekalu la Yerusalemu, ambavyo Tito alivileta Roma baada ya kuuangusha mji ule mwaka 70. Wakamchukua malkia Eudoxia na binti zake wawili. Mateka waliopelekwa Carthage walikuwa wengi hadi askofu Deogratias akauza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili awakomboe. Hao wameonewa wapi?

#5 Mchokonozi
Chumvi au bila chumvi, mji ulichomwa na watu wake wakauzwa utumwani, kwa hiyo hoja yangu iko pale pale.

Ngwamba, umenisaidia bila kujua. Ulivyovitaja vyote vimechukuliwa, havikuvunjwa. Mapokeo yanasema Papa Leo alitoka kumlaki Geiseric akamwomba asichome mji wala asiue, naye akaridhika na kupora. Siku 14 za kubeba, watu wanapanga vitu melini. Vile vyombo vya Yerusalemu viliwekwa Carthage zaidi ya miaka 70, na jemadari Belisarius alipouteka ufalme wao kwa niaba ya Kaisari Justiniani wa Konstantinopoli akavikuta vizima, mwaka 534 vikapitishwa kwenye gwaride Konstantinopoli. Mharibifu gani huyo anayetunza? Mwite mwizi nitakubali. Mwizi anataka kitu kibaki kizima. Vandali wa leo havunji ili apate kitu, anavunja tu.

Huyo Procopius unayemtegemea alikuwa katibu wa Belisarius katika vita ile, na anasema Wavandali wa Afrika walikuwa wakioga kila siku, wakivaa hariri, wakikaa kwenye bustani na kuangalia maigizo. Analalamika kwamba walilainika mno!

#6 fundi_wa_laini
Salamu kutoka Nairobi. Mchokonozi, hiyo tofauti yako ya mwizi na vandali huku kwetu haipo. Mimi kazi yangu ni laini za umeme. Hapa ukisikia neno hilo redioni ujue ni nyaya za shaba zimekatwa, transfoma imefunguliwa mafuta yakafyonzwa, au vyuma vya mlingoti vimefunguliwa bolti moja moja. Hakuna anayefanya hivyo kwa kuwa ana hasira na mlingoti. Ana mnunuzi anamngoja.

Januari 2022 milingoti ilianguka upande wa Imara Daima, nchi ikaingia gizani, na Rais Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Angalia serikali ilimfuata nani: mnunuzi. Ilijua hii ni biashara. Kwa hiyo Geiseric na lile paa la shaba ni vandali wa Kikenya kabisa. Angekuwa hai angekuwa na yadi.

#7 Mla_Chipsi
Fundi, na yale mafuta ya transfoma ni kweli huwa yanauzwa kwa wakaangaji?

#8 fundi_wa_laini
Yamekuwa yakisemwa na kuandikwa sana, kwamba hayaishi haraka kama mafuta ya kupikia. Mimi kazi yangu inaishia kwenye transfoma. Wewe endelea kula.

#9 Mwalimu_Mstaafu
Wanangu, mnazunguka karne ya 5, na neno mnaloligombania lilizaliwa karne ya 18. Sogeeni.

Mwaka 1793 Ufaransa ilikuwa ndani ya mapinduzi. Mfalme keshakatwa kichwa, na kila alama ya ufalme inavunjwa. Makaburi ya wafalme pale Saint-Denis yakafukuliwa, mifupa ikatupwa mashimoni. Usoni mwa kanisa la Notre-Dame, Paris, kulikuwa na safu ya sanamu 28 za wafalme. Zikaangushwa zikidhaniwa ni za wafalme wa Ufaransa, kumbe zilikuwa za wafalme wa Yuda. Vichwa 21 kati ya hivyo vilikuja kuchimbuliwa mwaka 1977 hapo hapo Paris.

Alikuwepo padri mmoja, Henri Grégoire, askofu wa Blois na mjumbe wa Bunge la Mapinduzi. Yeye alikuwa mwanamapinduzi hasa, ila uvunjaji ule ulimkera. Mwaka 1794 akasoma bungeni taarifa tatu juu ya kuharibiwa kwa vitabu, michoro na majengo, na humo ndimo alimolisambaza neno lake jipya: uvandali. Kwenye kumbukumbu za maisha yake alieleza kwamba aliliunda neno ili aliue jambo lenyewe.

Mtaona hapo Wavandali wa kweli hawamo. Grégoire alihitaji fimbo. Huwezi kusimama mbele ya wanamapinduzi mwaka 1794 ukasema wananchi wanaharibu mali, utaitwa msaliti. Unasema kuna vandali kati yetu. Mshenzi wa kutoka nje, wa zamani, ambaye hana ndugu ukumbini.

#10 BintiPangani
Mwalimu, shikamoo. Nyongeza ndogo. Taarifa zile tatu zilikuja baada ya Robespierre, kiongozi mkali wa mapinduzi, kuanguka, Julai 1794, na Grégoire akawatupia lawama watu wa Robespierre na maadui wa nje. Bunge lililokuwa limekaa linamsikiliza ndilo lililopitisha amri ya kubomoa makaburi ya Saint-Denis. Kwa hiyo neno lile lilikuwa pia njia ya watu kunawa mikono.

#11 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hapo umenena.

#12 Ngwamba_78
Mwalimu, kwa heshima zote, sikubali kwamba Grégoire ndiye aliyewachafua. Yeye kaongeza mkia tu. Waingereza walikuwa wakimwita mharibifu vandali tangu karne ya 17; John Dryden ana shairi la 1694 linalowataja Wagothi na Wavandali kama washamba wa kaskazini walioharibu kazi za sanaa. Na kabla ya hapo Waitalia waliojiona warithi wa Roma walishawabebesha makabila yale kila ubaya. Grégoire alitumia tusi ambalo wasikilizaji wake walikuwa wameshalizoea, la sivyo asingeeleweka.

#13 Mwalimu_Mstaafu
Kumtukana mtu kwa jina la kabila ni jambo moja. Kulifanya jina hilo kuwa jina la kosa, likaingia kwenye sheria za nchi na midomo ya polisi, ni jambo jingine. La pili ni la Grégoire.

#14 Ngwamba_78
Hilo ni suala la viambishi, Mwalimu. Mimi naongelea sifa mbaya ilikotoka.

#15 Kijana_wa_Makorora
Wazee tulizeni boli. Mnahangaika na Wavandali, na Wahuni mmewasahau? Wale wa Attila. Jina lao sisi tumelichukua zima zima: mhuni, wahuni, uhuni. Roma iliogopa Wahuni, na mimi nikitoka stendi usiku nawaogopa wahuni. Uzi ufungwe.

#16 BintiPangani
Umechekesha, ila hapana. Mhuni wetu hana undugu na Attila, ni sauti tu zimegongana. Kamusi za zamani zinamweleza mhuni kuwa mzururaji, mtu asiye na makazi maalumu, asiye na kazi wala ndoa. Ukorofi ulikuja baadaye, maana mtu asiye na mji kila mtu humshuku.

Na hapo umegusa jambo bila kukusudia. Wako wataalamu wa lugha wanaolihusisha jina la Wavandali na mzizi wa Kijerumani wenye maana ya kugeuka, kuzunguka, kutangatanga. Wengine wanalipeleka kwenye majina ya mahali: Vendel ya Sweden, au Vendsyssel kule kaskazini ya Denmark. Hawajakubaliana. Ila ikiwa wa kwanza wako sahihi, basi Wavandali na wahuni wamepita njia moja, kutoka kuzurura hadi kutukanwa.

#17 Mbongo_Kaskazini
Nipo Sweden hapa, nadandia kwa hiyo Vendel. Wafalme wa huku walijiita kwa Kilatini wafalme wa Waswidi, Wagothi na Wavandali kwa mamia ya miaka. Karl wa 16 Gustaf, huyu aliyepo, ndiye aliyeuacha mlolongo huo alipotawazwa mwaka 1973. Fikiria, wakati Grégoire anatukana watu Paris, kuna mfalme kaskazini anajitambulisha kwa jina hilo hilo kifua mbele.

#18 Ngwamba_78
Waliokusudiwa hapo ni Wawendi, watu wa Kislavoni wa pwani ya Baltiki. Kwa Kiswidi jina lenyewe ni la Wawendi. Waandishi wa Kilatini ndio waliolikuza kuwa Wavandali.

#19 Mbongo_Kaskazini
Sawa, lakini kulikuza ndiyo hoja yangu. Mtu hajikuzi kwa jina la aibu. Maana yake huku lilikuwa na utukufu.

#20 Shariff_Muscat
Assalaam aleikum. Mmeruka Andalusi. Wavandali walikaa kusini ya Hispania kabla ya kuvukia Afrika, na Waarabu walipofika waliiita nchi ile al-Andalus. Nchi ya Wavandali, V ikadondoka. Tumesomeshwa hivyo.

Na kwa faida ya wapenzi wa lugha: Kiarabu hakikuhitaji kabila lolote kwa jambo hili. Kosa lenyewe huitwa takhrib, mzizi ule ule uliotupa sisi haribu, harabu na uharabu.

#21 BintiPangani
Waaleikum salaam Shariff. Ya haribu nakubali. Ya Andalus ina mushkeli. Wavandali waliondoka Hispania mwaka 429, na jina al-Andalus tunaliona kwenye dinari ya lugha mbili ya mwaka 716, upande wa pili pameandikwa Hispania kwa Kilatini. Katikati kuna karibu miaka 300, nchi ikiwa ya Wavisigothi. Watu waliokaa kusini kwa miaka isiyozidi 20 wakaiachia nchi jina, na waliokaa karne mbili na ushee wasiiachie? Ndiyo maana wengine wamelitafutia asili nyingine: wako wanaolitoa kwenye Atlantiki, wako wanaolitoa kwenye maneno ya Kigothi ya kugawiwa ardhi kwa kura.

#22 Shariff_Muscat
Hao wa Kigothi nao wana karatasi gani? Wamekisia kama mimi nilivyokisia. Na bandari waliyovukia Wavandali inaweza kubaki na jina lao hata wakiondoka. Wavuka bahari wa Afrika wangelijua kutoka upande wa pili wa maji. Mimi sijaachia.

#23 Mwana_wa_Mvita
Niwarudishe nyumbani kidogo. Pwani yetu ina Wavandali wake: Wazimba. Mwaka 1587 walifika Kilwa, na mwaka 1589 wakawa mbele ya Mombasa, wakati huo huo Wareno wamekuja na meli kumtoa Mturuki Mir Ali Bey. Watu wa Mombasa wakabanwa pande mbili. Wazimba wakaingia kisiwani wakaua, kisha wakaenda Malindi, na huko ndiko walikopigwa, Wasegeju wakiwa wamekuja kuisaidia Malindi.

Mtawa wa Kireno João dos Santos, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1609, anasema Kilwa walikula watu 3,000. Walikula! Na hatuna neno la Wazimba wenyewe hata moja.

#24 Mchokonozi
Mwana wa Mvita, Mungu akuzidishie. Hao ndio Victor wa Vita na Wavandali wake, umebadilisha bahari tu.

#25 Ngwamba_78
Msichanganye. Ya kuliwa watu 3,000 hata mimi naitilia shaka. Lakini kuvamiwa kwa Kilwa na Mombasa si hadithi. Tabia yenu humu ni kwamba mkikuta mwandishi kaongeza chumvi, mnataka na mchuzi umwagwe.

#26 Kijana_wa_Makorora
Chumvi tena! Na wewe ndiye uliyeitoa Carthage.

#27 Mwana_wa_Mvita
Ngwamba, sijasema haikutokea. Nauliza kwa nini "Mzimba" hakuwa neno la kumwita mharibifu yeyote pwani. Tulikuwa na kisa chote kinachohitajika. Nadhani ni kwa sababu hapakutokea Grégoire wetu. Nasimama na Mwalimu.

#28 Legon_Returnee
Nimesoma kimya kimya, nichangie moja. Nilisoma Chuo Kikuu cha Ghana pale Legon. Wanaume wa bweni la Commonwealth Hall wanajiita Vandals na wanajivunia kupita kiasi. Watakwambia kila herufi ni sifa njema: mchangamfu, jirani mwema, na kadhalika. Ukipita hapo siku ya nyimbo zao unaelewa kwamba herufi zilikuja baada ya jina. Marekani nako, timu za michezo za Chuo Kikuu cha Idaho zinaitwa hivyo hivyo. Kwa hiyo tusi si la wote.

#29 Mla_Chipsi
Timu ikiitwa Simba haimaanishi mashabiki wanataka kuliwa.

#30 Legon_Returnee
Ndiyo, ila hakuna timu inayojiita Fisi.

#31 Mla_Chipsi
Subiri matokeo ya Jumapili.

#32 BintiPangani
Turudi kwenye swali la Wagothi, maana Mchokonozi aliliuliza na halijajibiwa. Nao walitukanwa. Waitalia wa karne ya 16 walipoyaita makanisa marefu yenye matao ya ncha kali kuwa ya Kigothi walikuwa wanayadharau. Baadaye ladha ikageuka, makanisa yakapendwa, na jina likasafishwa kwa mgongo wa mawe. Pia kulikuwa na wafalme wa Hispania na Sweden waliotaka ukoo wao uanzie kwa Wagothi. Wavandali walikosa vyote viwili. Ufalme wao uliisha mwaka 534, wanaume wengi wakachukuliwa kwenda kupigania Konstantinopoli huko mashariki, na hakuna jengo ambalo mtalii hupelekwa akaambiwa hili ni la Kivandali. Victor anadai hata ukumbi wa muziki na jumba la maigizo la Carthage waliyabomoa. Kama ni kweli, Mchokonozi, basi wapo waliyoyavunja bila kuyabeba.

#33 Mchokonozi
Victor yule yule uliyetwambia alikuwa upande ulioumia? Amua, dada. Ama shahidi ama si shahidi.

#34 BintiPangani
Shahidi mwenye kinyongo bado ni shahidi. Unampima, humfukuzi mahakamani.

#35 Mwana_wa_Mvita
Mfalme wao wa mwisho alikuwa nani? Aliuawa?

#36 Ngwamba_78
Gelimer. Hakuuawa. Baada ya kushindwa alikimbilia milimani kwa Wamoori, akazingirwa huko msimu mzima wa baridi. Procopius anasimulia kwamba alimwandikia kamanda aliyemzingira akiomba vitu vitatu: mkate, kwa kuwa hakuwa ameuona tangu apande huko, sifongo, kwa kuwa jicho lake lilikuwa limevimba, na kinubi, kwa kuwa alikuwa ametunga wimbo wa msiba wake. Alipojisalimisha alipelekwa Konstantinopoli, kisha akapewa mashamba Galatia akaishi na jamaa zake.

#37 Kijana_wa_Makorora
Kwa hiyo mfalme wa wavunja vitu aliomba gitaa. Sawa.

#38 fundi_wa_laini
Mimi nimebaki na lile paa. Nusu ya paa la hekalu, shaba tupu, ni tani ngapi hizo? Lilifika Carthage?

#39 Ngwamba_78
Procopius hasemi habari za paa baada ya hapo. Anasema tu kwamba katika meli za Geiseric moja ilipotea safarini, ile iliyobeba sanamu. Nyingine zote zilifika.

#40 Mla_Chipsi
Ina maana kuna sanamu za Kirumi chini ya bahari kati ya Italia na Tunisia?

#41 fundi_wa_laini
Andika taratibu bana, wenye yadi wanasoma huu uzi.